Neno "Mato" na Haki Yake

Msomaji, ukifungua diwani ya mashairi ya Mombasa au utendi wa Lamu, hutakwenda mbali kabla hujakutana na neno mato. Labda utadhani ni mito iliyokosewa chapa, au kwamba mtungaji alishindwa kutamka macho. Katika darasa nililosoma mimi, kijana mmoja wa Lamu aliandika katika insha yake kwamba babu yake alikuwa akiumwa na mato. Daftari lake lilirudi lina mstari mwekundu chini ya neno lile, nasi wenzake tukamcheka. Nataka kulitetea neno lile leo, ijapokuwa nimechelewa.

Mato si macho yaliyoharibika. Wakikuyu husema maitho, Wakamba metho, Wagiriama matso, na Waganda amaaso. Yatamke maneno hayo kwa sauti, utasikia kwamba ni ndugu. Yametoka katika shina moja la kale la Kibantu, na sauti iliyokuwa katikati yake kila watu waliigeuza kwa njia yao: Unguja ikawa ch, Mombasa na Lamu ikawa t. Tena haikugeuka katika neno hili peke yake. Anayecheka Unguja huteka Mombasa. Chini ni tini, nchi ni nti, mchanga ni mtanga, na machozi ni matozi. Makosa hayafuati kanuni namna hii.

Hapa utaniuliza: je, kuteka si kuchota maji? Ndiyo, lakini sikio la Mvita halichanganyi mambo hayo mawili. T ya kucheka hutamkwa ncha ya ulimi ikigusa meno. T ya kuteka maji hutamkwa nyuma kidogo, penye ufizi. Herufi zetu za Kirumi ndizo zisizoonyesha tofauti hiyo, na aibu ya herufi amebebeshwa msemaji.

Na usidhani kwamba Kiswahili Sanifu chenyewe kimejitenga kabisa na t hii. Tazama neno uchungu, ambalo ndugu yake wa kaskazini ni utungu. Sanifu imeyaweka yote mawili, na kila moja ikalipa kazi: uchungu ni wa dawa, wa kidonda na wa moyo, utungu ni wa mwanamke anayejifungua. Hakuna aliyepiga mstari mwekundu chini ya utungu.

Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa kuchagua lahaja itakayokuwa msingi wa vitabu vya shule katika Afrika Mashariki, wakachagua Kiunguja, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi. Shule zilihitaji lugha moja, na sina ugomvi na jambo hilo. Ugomvi wangu ni kwamba kipimo kilichowekwa kwa ajili ya vitabu vya masomo kilikuja kutumiwa kuwapima washairi waliokufa kabla hakijawekwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga katika karne ya 19, na diwani yake haikupigwa chapa hata mwaka 1940. Atawezaje kukosea kanuni ambazo hakuzikuta?

Madhara yake huonekana hasa katika vina. Chukua ubeti ambao kina chake ni to: mistari yake yaishia kwa pato, moto na wito, kisha mato. Mhariri mwenye huruma akiandika macho ili usisumbuke, mizani haipungui, lakini kina kimevunjika, nawe uliyefundishwa kuhesabu vina utamhukumu mshairi kwa kosa la mhariri. Akitaka kuufuata mkondo wake mpaka mwisho, itambidi atafute maneno mengine matatu, na hapo shairi si la mwenyewe tena.

Katika mtihani wako wa insha andika macho, kwa kuwa ndiyo sanifu unayoulizwa. Katika shairi la zamani, mhariri na aliache mato mahali pake, na chini ya ukurasa aandike kwa herufi ndogo: mato, yaani macho. Kazi hiyo yamtaka mstari mmoja tu.