Ukimya na Hisia katika Uigizaji wa Dilip Kumar

Uhakiki wa sinema mara nyingi huupima ukali wa hisia kwa wingi wa machozi na ukubwa wa sauti. Kipimo hicho hakimfai Dilip Kumar (1922–2021), mwigizaji wa India aliyezaliwa Peshawar kwa jina la Muhammad Yusuf Khan, na ambaye watazamaji walimpa lakabu ya mfalme wa tanzia.

Katika Devdas (1955), filamu ya Bimal Roy, mhusika mkuu ni mwana wa kabaila anayeshindwa kumwoa Paro kwa kuzuiwa na fahari ya ukoo, akazama katika ulevi. Mwigizaji wa kawaida angepayuka na kupepesuka. Dilip Kumar hunong'ona. Huikata sentensi katikati, huyainamisha macho, na neno lifuatalo linapotoka, mtazamaji amekwisha kulitamka moyoni.

Mbinu hiyo hudhihirika zaidi katika Mughal-e-Azam (1960) ya K. Asif. Prithviraj Kapoor, mkongwe wa jukwaa, anamwigiza mfalme Akbar kwa sauti ya radi. Dilip Kumar, akiwa mwanawe Salim, hashindani naye, huishusha yake. Mgogoro mzima umo katika tofauti hiyo: mamlaka hunguruma, uasi husema polepole.

Hata hivyo, uigizaji huu una dosari. Devdas ndiye anayesitasita Paro anapomjia, na ndiye anayempiga na kumwachia kovu usoni. Lakini upole wa ile sauti humfanya mtazamaji amhurumie yeye kuliko mwanamke aliyeumizwa. Huzuni ikipambwa mno huifunika hukumu. Mwigizaji mwenyewe hakusalimika: baada ya mfululizo wa tanzia alishauriwa kitabibu aigize michezo myepesi, ikiwemo Azaad (1955).

Watazamaji wengi waliozijaza kumbi za sinema za Mombasa na Unguja kutazama filamu za Kihindi hawakuijua lugha yake. Walifuata macho, pumzi na vituo. Hapa pana funzo kwa mtunzi wa tamthilia ya Kiswahili, ambaye mara nyingi huwajaza wahusika wake maneno kana kwamba hisia isiyotajwa haipo. Kituo nacho ni sehemu ya usemi, na mwandishi asiyekiandika humnyima mwigizaji nusu ya lugha yake.