Kitenzi "Wash" na Maji ya Kunawisha: Uhakiki wa Visawe katika Tafsiri za Kiswahili Zinazosomwa Mbeya

Kitenzi cha Kiingereza "wash" ni miongoni mwa vitenzi ambavyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza hudhani amekwisha kuvimaliza. Hupewa kisawe kimoja, kuosha, na somo likaendelea. Ugumu hujitokeza pale anapotakiwa kutafsiri habari ya mtu anayeamka asubuhi na kushughulika na uso wake, mwili wake na shati lake. Kiingereza hakimdai zaidi ya kitenzi kilekile kimoja. Kiswahili kinamdai vitatu: mtu huyo ananawa uso, anaoga, kisha anafua shati. Akiingia jikoni ataosha vyombo, na sakafu ataipiga deki. Akiwa Mwislamu na wakati wa sala ukawa umewadia, atatawadha.

Ni rahisi kudhani kwamba vitenzi hivi vimegawana vitu: mikono na uso kwa kunawa, mwili mzima kwa kuoga, nguo kwa kufua, vilivyosalia kwa kuosha. Maelezo hayo ni sahihi kwa kiasi chake, lakini yanaacha jambo kubwa zaidi. Anayenawa na anayeoga hujitendea mwenyewe, na Kiswahili hakihitaji kiambishi cha kujirejea ili kulisema hilo, kwa kuwa limo ndani ya mzizi. Kuosha, kinyume chake, kunamhitaji mtenda na kitu kingine kinachotendwa, na kitu hicho hakina kauli. Sahani haina kauli, gari halina kauli, na maiti hana kauli. Methali ya "Mwosha huoshwa" inapata ukali wake hapohapo: leo wewe ndiye mkono unaotenda, kesho utalala ukitendwa. Mtoto mchanga naye hajifanyii lolote, lakini msemaji mwangalifu atasema mtoto anaogeshwa na maiti anaoshwa. Wote wawili wamelala mikononi mwa mtu mwingine, ila lugha inamhesabu mtoto kuwa mtu ambaye kuoga ni kwake, anasaidiwa tu kwa sasa.

Kauli hiyo ya kutendesha, yaani kuogesha na kunawisha, ndiyo kiini cha uhakiki huu, na ndiyo inayopotea kwa urahisi zaidi mtafsiri anapoanzia katika Kiingereza. Kamusi za lugha mbili zimekuwapo muda mrefu: ya Madan ilitoka mwaka 1894, ya Johnson mwaka 1939, na ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1996. Ni kazi kubwa na hakuna mtafsiri anayeweza kuzikwepa. Hata hivyo mapokeo ya utungaji wa kamusi za namna hii ni kupanga visawe kwa mkato chini ya kidahizo, na mkato ni alama isiyosema kitu. Haimwambii msomaji iwapo maneno mawili yanabadilishana nafasi au yanakatazana. Msomaji aliye na haraka huchukua la kwanza. Ndivyo kuosha kunavyozidi kutawala, hata katika matangazo ya afya, ambamo "osha mikono" na "nawa mikono" husimama ukuta mmoja kana kwamba ni neno moja. Yeye anayesema "osha mikono" anaeleweka, na wasemaji wengi wa bara husema hivyo bila kutafsiri chochote kichwani. Kinachopaswa kuzingatiwa ni kwamba lugha imeanza kuitendea mikono ya msemaji kama sahani.

Si kila mahali mkato umeshinda. Wanasheria wa Tanzania walipohitaji neno la kosa la kuipa fedha ya uhalifu sura ya halali, ambalo Kiingereza hulieleza kwa picha ya dobi, hawakusema kufua fedha wala kuosha fedha. Walisema kutakatisha, na utakatishaji wa fedha sasa umo mahakamani na magazetini. Neno hilo linatazama matokeo, fedha inayoonekana takatifu, likaacha birika na sabuni upande. Mfano wa kinyume unapatikana Mbozi na Rungwe, katika kahawa. Soko la dunia huiita arabika ya huko kwa jina linalotokana na "wash", na jina hilo linabeba mchakato mzima: kumenya buni mbivu, kuivundika, kuisafisha kwa maji na kuikausha. Kwa mkulima kuosha ni hatua moja tu kati ya hizo. Anayeandika "kahawa iliyooshwa" bila kueleza anamwambia mkulima jambo dogo kuliko alilolifanya.

Mahali ambapo kitenzi hiki kimejaribiwa kwa uzito zaidi ni Biblia, na katika Biblia ni sura ya 13 ya Injili ya Yohana. Kigiriki cha Agano Jipya kina mgawanyo unaokaribia sana ule wa Kiswahili: nipto kwa viungo vya mwili, louo kwa mwili mzima, na pluno kwa nguo na vyombo vya kazi kama nyavu. Katika aya ya 10 Yesu anamjibu Petro kwa kuvitumia viwili vya kwanza vikipingana, na hoja yake yote imesimama juu ya upinzani huo. Toleo la Kiingereza la King James la mwaka 1611 liliweka "wash" katika nafasi zote mbili, na upinzani ukatoweka. Ilibidi wasahihishaji wa mwaka 1881 waurudishe kwa kitenzi kingine. Kijerumani cha Luther nacho kina kitenzi kimoja tu mahali hapo. Inafaa kukumbuka kwamba wamisionari wa Kimoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na Biblia hiyo ya Luther.

Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952 ikiunganisha mapokeo ya Unguja na Mombasa, haikuanguka katika shimo hilo. Inatumia kuoga kwa mwili mzima na kutawadha kwa miguu, na aya ya 10 ikasomeka wazi kuliko ilivyosomeka katika Kiingereza cha King James. Hapa Kiswahili kilikipita Kiingereza hicho kwa sababu kilikuwa na maneno, na watafsiri walikuwa na masikio.

Lakini kutawadha kuna historia yake. Ni neno lililotoka katika Kiarabu na kuishi pwani kama tendo la ibada: mtu hujitawadha, kwa mpangilio maalumu, kabla ya kusimama mbele ya Mungu. Watafsiri walilinyoosha likapokea mtendwa, Yesu akawatawadha wanafunzi, na wakalitumia kwa Wakristo wa bara ambao wengi wao hawakulisikia msikitini. Matokeo yake Mbeya ni ya kuvutia. Kwa Mwislamu wa mjini neno hilo ni la kila siku, mara tano kwa siku. Kwa Mkristo mwenyeji wa Rungwe au Mbozi ambaye lugha ya nyumbani ni Kinyakyusa au Kinyiha, neno hilohilo mara nyingi limefika kupitia Yohana 13 peke yake. Waadventista wanaotawadhana miguu kabla ya Meza ya Bwana wamelifanya kuwa jina la ibada yao. Neno moja, mji mmoja, misamiati miwili isiyokutana. Heshima yake imebaki, ila kilichoshtua katika tukio lenyewe kimefifia, kwa sababu msikilizaji anasikia ibada mahali ambapo Petro aliona aibu.

Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990 ililiacha neno hilo ikachagua kuosha miguu. Nia ilikuwa lugha ya watu wa kawaida, na nia hiyo ni njema. Hata hivyo kuosha kunamfanya mtendwa kuwa kitu kisicho na kauli, ilhali katika kisa hiki mtendwa ana kauli kubwa kuliko wote: Petro anakataa. Anakataa, anaelezwa, kisha anataka aongezewe. Sahani haikatai.

Muungano yenyewe haikuwa na uthabiti. Katika 1 Timotheo 5:10, mjane mwema anatajwa kuwa amewaosha watakatifu miguu. Kitenzi cha Kigiriki hapo ni kilekile cha Yohana 13. Bwana anapolifanya tendo hilo ni kutawadha. Mjane anapolifanya ni kuosha. Msomaji wa Kiswahili hana njia ya kutambua kwamba mjane anasifiwa kwa kufanya jambo lilelile alilolifanya Bwana wake, na kwamba huenda ndiyo sababu anasifiwa. Kwa hukumu ya uhakiki huu, hasara hiyo ni kubwa kuliko ile ya toleo la karibuni, kwa kuwa toleo hilo lilipoteza rangi ya neno, na huku kiungo kizima kimekatika.

Kitenzi ambacho matoleo haya mawili hayakukichagua ni kunawisha. Katika nyumba za Mbeya, kama kwingine nchini, mgeni hakaribishwi chakula kwa maneno matupu. Kijana wa nyumba, mara nyingi binti au mke mdogo, huleta jagi la maji ya uvuguvugu na beseni, huinama au hupiga goti, akamimina maji mikononi mwa wageni mmoja baada ya mwingine, akianza na mkubwa. Huko ndiko kunawisha. Mdogo humnawisha mkubwa, mwenyeji humnawisha mgeni. Mzee akilichukua jagi mwenyewe na kuanza kuwanawisha vijana, mezani patakuwa na kimya, na mmoja atasimama haraka kumnyang'anya jagi akisema, "Hapana, baba, acha mimi." Maneno ya Petro yamo katika sauti hiyo. Mwanzo 18:4, ambapo Abrahamu anaagiza maji yaletwe, Muungano inasema wageni wanawe miguu; kwa hiyo kunawa miguu si neno la kigeni kwa Biblia ya Kiswahili. Imebaki hatua moja ya mnyambuliko kufika kunawisha miguu, na mtafsiri anayeongozwa na visawe vya "wash" haifikii, kwa sababu kamusi humpa mizizi huku kazi ya Kiswahili ikifanyika katika viambishi.

Pendekezo hili lina udhaifu, na si mdogo. Mgeni anayenawishwa mikono huisugua mwenyewe. Anayemnawisha humimina tu. Katika Yohana 13 Yesu anashika miguu na kuifuta kwa kitambaa. Ukaribu huo wa ngozi na mkono, kunawisha kwa mtu mzima hakuubebi wote, ingawa kumnawisha mtoto uso kunaubeba. Vilevile jina la ibada halibadilishwi kwa hoja ya mhakiki. Wanaotawadhana wataendelea kutawadhana, na ni haki yao. Lakini kati ya neno linalobeba cheo cha watu wawili likapungukiwa kidogo kwa mguso, na neno linalobeba mguso bila cheo, kisa hiki kinadai la kwanza. Mabishano ya Petro na Bwana wake ni juu ya cheo.

Zaburi ya 51 inaonyesha kosa la upande mwingine. Kiebrania kina kitenzi cha mwili na kitenzi cha nguo, na katika aya ya 2 na ya 7 mwenye kutubu anatumia cha nguo. Hamwombi Mungu amwogeshe. Anaomba akanyagwe na kupigwapigwa kama vazi lililoshika doa. Muungano iliandika "unioshe", nalo ni neno tulivu mno. "Unifue" lingechekesha, hilo halikataliki, na huenda watafsiri walilijaribu kwa sauti wakaliacha. Lakini kufua kwa Kiswahili ndiko pia kufua chuma na kufua nazi. Ni kitenzi chenye kishindo ndani yake, na ombi la zaburi lina kishindo. Katika Ufunuo 7:14, mavazi yanapohusika waziwazi, Muungano haikusita kusema yamefuliwa. Iliogopa sitiari tu. Mtafsiri asiyethubutu "unifue" angeweza kuongeza "kama nguo" baada ya "unioshe", na msomaji angeliona jiwe la mtoni.

Mambo haya si ya maktaba tu kwa Nyanda za Juu Kusini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la SIL limeendesha kutoka Mbeya mradi wa kutafsiri Maandiko katika lugha za Mbeya na Iringa, zikiwamo Kisafwa, Kimalila, Kinyiha, Kisangu, Kibena na Kivwanji. Kwa mtafsiri mzawa wa lugha hizo, Biblia ya Kiswahili ndiyo aliyokua nayo, na matoleo ya Kiingereza yako mezani kando yake. Akikutana na kuosha katika moja na "wash" katika nyingine, vitabu viwili vimekubaliana, na kukubaliana huko kunaweza kumfunga macho asitafute katika lugha yake neno la kijana anayeinama na jagi. Akikutana na kutawadha, anaweza kulikopa lilivyo, likaingia lugha ya tatu bila msikiti na bila beseni. Katika kikao cha kuwasomea wazee rasimu, swali la kuwauliza juu ya aya ya 5 si kama miguu imekuwa safi. Waulizwe ni nani kati ya waliomo chumbani alipaswa kulishika lile beseni.