Fito za Edome

Ufito mbichi wa mti wa edome haupindwi kwa nguvu. Mama anayejenga huushika kwa viganja viwili na kuusogeza kidogo kidogo mpaka ukubali kuinama. Ukianza kulia, huulegeza, akaugeuza, akaanza tena. Kila ninapoitazama kazi hiyo Kalemng'orok, kando ya barabara ya Kitale kwenda Lodwar, husahau safari iliyonileta.

Hapo awali, ukiuliza nani anashughulika na makazi, ulionyeshwa diwani. Tangu Katiba ya Kenya ya 2010, nyumba ni jukumu la kaunti, na wadi 30 za kaunti ya Turkana zina wawakilishi wao katika bunge lililoko Lodwar. Lakini Waturkana walikuwa wamekwisha kumkabidhi mtu kazi hiyo zamani sana, na mtu huyo ni mke. Boma, yaani awi, huitwa la mwanamume. Ndani ya boma hilo kila mke ana ekol, kivuli cha kushindia mchana, na akai, kibanda cha kulala, na vyote viwili huvijenga mwenyewe. Philip Gulliver, aliyeishi miongoni mwao mwishoni mwa miaka ya 1940, alieleza katika The Family Herds (1955) kwamba ekol ni jina la kivuli hicho na vilevile jina la mama pamoja na watoto wake. Sijui lugha nyingine inayomheshimu mjenzi kiasi hicho.

Basi tuitazame kazi yenyewe. Mashimo huchimbwa kwa duara, fito zikasimamishwa, vichwa vyake vikainamishwa vikutane juu na kufungwa kwa kamba za gome. Fito nyingine hupitishwa kwa kuzunguka ili kushikilia zile zilizosimama. Kisha makuti ya mkoma, mti ambao Waturkana huuita eng'ol. Kuezeka huanza chini kupanda juu, kila safu ikilalia ile iliyotangulia, na hapo ndipo mkono wa fundi unapojulikana. Makuti yakibanwa mno, hewa haipiti. Yakiachanishwa mno, jua linaingia. Lodwar hupata kama milimita 200 tu za mvua kwa mwaka, kwa hiyo adui mkubwa ni jua, na ekol hujengwa ili kivuli kiwepo na upepo upite. Akai hushonwa zaidi, na mvua inapokaribia hufunikwa ngozi, au siku hizi turubai. Umbo lake la mviringo, lililoinama karibu na ardhi, haliupi upepo mahali pa kushika.

Hata kukata kuna adabu yake. Kando ya mto Turkwel, miti haikuwa ya kila mwenye panga: familia zilikuwa na ekwar, sehemu zao za msitu wa mtoni, na mgeni aliomba kabla ya kukata tawi. Bwawa la Turkwel, lililokamilika mwaka 1991, lilibadilisha mafuriko yaliyokuwa yakinywesha msitu huo, nao mti wa mathenge, ambao wenyeji huuita etirae, umejaza mahali pengi palipokuwa na miti ya asili. Mama wa leo anapotafuta ufito ulionyooka anabeba mzigo ambao bibi yake hakuubeba. Hilo linaniuma, kwa sababu ufundi huu huanzia msituni, siku nyingi kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa.

Wajenzi mashuhuri wa dunia wamefika Turkana. Shigeru Ban wa Japani aliombwa na UN-Habitat mwaka 2017 abuni nyumba za Kalobeyei, jirani na kambi ya wakimbizi ya Kakuma iliyoanza mwaka 1992, na akasisitiza ziwe nyumba ambazo wakaaji wataweza kuzitunza wenyewe. Francis Kéré wa Burkina Faso akajenga chuo karibu na Ziwa Turkana chenye minara ya kupitisha hewa, akijifunza kwa vichuguu vya mchwa. Wote wawili wana tuzo ya Pritzker, na ninawaheshimu kwa dhati. Lakini yale waliyokuja kuyatafuta, yaani kivuli, hewa, na nyumba ambayo mwenyewe anaweza kuikarabati, mama wa Kalemng'orok alikuwa nayo tayari katika vidole vyake.

Ningependa mwakilishi wadi yeyote anayepewa hoja ya nyumba bora aketi kwanza chini ya ekol saa saba mchana, halafu aingie chumba cha mabati saa hiyo hiyo. Mabati yana faida zake. Mchwa hawayali, na mvua kubwa haiyashindi. Ila ili mama naye abaki na fito zake, ardhi ya jamii isajiliwe chini ya sheria ya mwaka 2016, na msitu wa mto upewe ulinzi, maana hakuna bajeti inayoweza kununua tena edome iliyokwisha.

Malisho yanapoisha na ikabidi kuhama, kazi hurudi nyuma kwa utaratibu uleule. Mama hufungua mafundo moja baada ya jingine, bila kukata kamba. Fito hupangwa chini, akazipitia kwa macho na mikono, zile zilizo hai bado zikafungwa ubavuni mwa punda pamoja na ngozi. Zilizochoka huziacha kwa ajili ya kuni za atakayepita. Mchangani hubaki duara la vishimo, na punda akatangulia.