Dhana Potofu na Utambuzi wa Nafsi katika Hadithi Fupi ya Kiminimali ya Marekani: Uhakiki wa "Cathedral" ya Raymond Carver

Ikisiri

Makala haya yanahakiki hadithi fupi "Cathedral" ya Raymond Carver kwa lengo la kubainisha namna dhana potofu zinavyojengwa na zinavyolegea katika usimulizi wa kiminimali. Usomaji uliozoeleka huichukulia hadithi hii kuwa safari ya msimulizi kutoka gizani kwenda nuruni. Makala yanadai kwamba usomaji huo una ukweli nusu. Msimulizi anapata utambuzi, lakini lugha anayosimulia nayo baada ya tukio ingali imebeba dhana zilezile. Pengo hilo kati ya alichokipata na anavyosema ndilo linaloipa hadithi uzito wake.

1.0 Utangulizi

Uminimali ni istilahi iliyotumiwa sana nchini Marekani katika miaka ya 1970 na 1980 kuelezea hadithi zenye sentensi fupi, msamiati wa kila siku na wahusika wa kawaida, ambamo mwandishi hujizuia kueleza hisia au kutoa hukumu. Mizizi yake huhusishwa na Ernest Hemingway, aliyeifananisha kazi ya fasihi na mlima wa barafu uliozama sehemu kubwa majini. Raymond Carver (1938–1988) alitajwa kuwa kinara wa mkondo huu, ingawa mwenyewe hakuipenda lebo hiyo kwa kuwa aliona inaashiria ufinyu wa maono. "Cathedral" ilichapishwa katika jarida la The Atlantic Monthly mwaka 1981, kisha ikalipa jina kitabu chake cha mwaka 1983.

Njama yake ni nyepesi. Mwanamume asiyetajwa jina anaambiwa kuwa Robert, rafiki wa zamani wa mkewe, atalala kwao usiku mmoja. Robert haoni, na amefiwa na mkewe, Beulah, hivi karibuni. Wanakula, wanakunywa wiski, wanavuta bangi, mke anasinzia, na wanaume wawili wanabaki mbele ya televisheni inayoonyesha makanisa makuu ya Ulaya. Msimulizi anashindwa kumweleza mgeni kanisa kuu linafananaje. Robert anapendekeza walichore pamoja, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa mwenyeji. Swali la makala haya ni hili: je, mchoro huo unaondoa nini, na unaacha nini?

2.0 Chimbuko la dhana potofu

Katika makala haya, dhana potofu ina maana ya hukumu inayotangulia ujuzi. Msimulizi anakiri mapema kwamba anachokijua kuhusu watu wasioona amekipata kwenye filamu: wanatembea polepole, hawacheki, wanaongozwa na mbwa. Pia amesoma mahali kwamba hawavuti sigara kwa sababu hawauoni moshi wanaoutoa. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza, lakini msimulizi huyu hajioni yumo gizani. Anaamini anajua, na hapo ndipo penye hatari.

Dhana zake haziishii kwa wasioona. Anaposikia jina Beulah, jambo la kwanza analouliza ni kama mwanamke huyo alikuwa mtu mweusi. Swali hilo halina uhusiano wowote na msiba unaozungumzwa. Carver halitolei maelezo. Mke wa msimulizi anashangaa, na simulizi inaendelea. Mbinu hii ya kunyamaza ina kazi. Mwandishi angekemea, msomaji angepumzika akiamini kwamba kazi ya kuhukumu imekwisha kufanywa. Kwa kuwa hakemei, msomaji analazimika kulibeba swali hilo mwenyewe.

Kinachostahili kuzingatiwa zaidi ni suala la majina. Msimulizi na mkewe hawana majina katika hadithi nzima. Wenye majina ni Robert na Beulah, yaani walewale wanaodunishwa. Hata hivyo, mara nyingi msimulizi humtaja mgeni kwa ulemavu wake badala ya jina lake. Anayo njia ya kumtambua mtu, lakini haitumii.

3.0 Kutazama na kuona

Lugha ya Kiswahili inampa mhakiki nyenzo inayofaa hapa. Kitenzi kuona hakikomei kwenye macho: mtu huona njaa, huona baridi, huona haya. Kutazama ni kazi ya macho peke yake. Kwa kipimo hiki, msimulizi ni mtu anayetazama sana na kuona kidogo. Anamhurumia Beulah kwa kuwa aliishi na kufa bila mumewe kumwona sura, lakini yeye aliye na macho anakiri kwamba hakulielewa shairi la mkewe kuhusu siku Robert alipoupapasa uso wake. Mke huyo aliwahi kujaribu kujiua katika ndoa yake ya kwanza. Miaka yote hiyo amekuwa akirekodi maisha yake kwenye kanda na kumtumia Robert. Aliyeyasikia maisha hayo ni asiyeona, ilhali mwenye macho anayasimulia kama habari za mtu wa mbali.

Dhana zinaanza kupata nyufa mezani. Msimulizi anamtazama Robert akikata nyama na kulenga chakula kwa kisu na uma bila kukosea, naye anastaajabu. Robert pia anavuta sigara hadi kishungi, ana televisheni mbili na anapendelea ile ya rangi. Kila jambo dogo linaangusha tofali moja la ukuta. Hakuna hotuba inayotolewa. Uminimali hapa unaifanya hoja kwa vitu: kisu, sigara, televisheni.

4.0 Mchoro kama utambuzi

Kilele cha hadithi kinaanza na kushindwa kwa lugha. Msimulizi anasema makanisa hayo ni marefu, ni makubwa, ni ya mawe. Kisha maneno yanamwishia. Anakiri kwamba hayana maana yoyote kwake na kwamba haamini chochote. Mtu aliyejigamba kwa macho anagundua kuwa macho hayajampa la kusema.

Wanachora juu ya mfuko wa karatasi wa dukani uliokuwa na maganda ya vitunguu. Umbo la kwanza ni kisanduku kinachofanana na nyumba, na msimulizi anasema ingeweza kuwa nyumba yake mwenyewe. Kutoka kwenye nyumba hiyo kunachipuka paa, minara, madirisha na milango. Kisha Robert anamtaka aweke watu, kwa kuwa kanisa lisilo na watu halijakamilika. Agizo hilo ni kiini cha hadithi. Msimulizi alikuwa akichora jengo, na asiyeona ndiye anayemkumbusha wanadamu.

Mwishoni Robert anamwambia afumbe macho, naye anafumba. Anapoulizwa mchoro unaonekanaje, anaendelea kuyafumba. Anajua yumo nyumbani mwake, lakini hahisi kwamba yumo ndani ya kitu chochote. Waswahili husema macho hayana pazia. Msimulizi huyu analishusha pazia kwa hiari yake, na ndipo anapoona kwa maana ile pana ya kitenzi hicho.

5.0 Je, msimulizi amebadilika?

Hapa ndipo makala haya yanapotofautiana na usomaji uliozoeleka. Hadithi inasimuliwa baada ya matukio kwisha. Msimulizi anayetuambia katika sentensi za mwanzo kuhusu "kipofu huyu" tayari ameshashika kalamu pamoja naye. Kama usiku ule ulimgeuza kabisa, kwa nini ulimi wake haukugeuka? Jibu moja ni kwamba hajabadilika. Jibu la pili, ambalo makala yanaliunga mkono, ni kwamba anaziacha dhana zake zionekane zilivyokuwa, kama mtu anayeungama bila kudai kwamba ametakasika. Utambuzi wake ulipitia mkononi, na bado haujafika kwenye msamiati.

Hoja pinzani inapaswa kupimwa. Inaweza kudaiwa kwamba Robert ni chombo tu: asiyeona anatumiwa ili mwenye macho aelimike. Hoja hii ina nguvu, kwani undani wa Robert hatupewi. Hata hivyo, Robert ndiye anayeuliza, anayependekeza na anayeongoza. Mwenye mashaka zaidi katika hadithi ni mwenyeji, si mgeni.

Ulinganisho na kazi nyingine ya Carver unaifafanua hoja hii. Katika "The Bath" (1981), iliyochapishwa katika mkusanyiko uliopunguzwa sana na mhariri Gordon Lish, mtoto amelazwa hospitalini na mwokaji wa keki yake anabaki sauti ya kutisha kwenye simu. Katika "A Small, Good Thing", toleo refu la mwaka 1983, wazazi wanamwendea mwokaji usiku, naye anaomba msamaha na kuwapa mikate ya moto. Uchache uliokithiri ulimwacha mtu akiwa sauti. Nafasi iliyoongezwa ilimfanya mwanadamu. "Cathedral" imesimama katikati: inampa Robert nafasi ya kutosha kuwa mtu, na inamnyima msimulizi maneno ya kujisifu.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba "Cathedral" haidai kwamba usiku mmoja unaweza kufuta dhana za maisha mazima. Inaonyesha kwamba dhana hizo zinaweza kulegea pale mtu anapokubali kuongozwa na yule aliyemdharau. Kunyamaza kwa Carver kunamkabidhi msomaji jukumu la kuhukumu, na msomaji anayemhukumu msimulizi haraka mno huwa ametenda kosa lilelile la kutanguliza hukumu mbele ya ujuzi. Ni vyema watafiti wa hadithi fupi wauchunguze uchache wa maneno si kama suala la mtindo peke yake, bali pia kama msimamo wa kimaadili: kiasi gani mwandishi aseme, na kiasi gani amwachie msomaji aone.