Mtoboa Karatasi

Muziki wa mtunzi Conlon Nancarrow unakimbia kuliko vidole vya binadamu, lakini mwenyewe hakuwa mtu wa papara. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, jijini Mexico, alikaa mbele ya mashine ya kutobolea karatasi ndefu, tundu baada ya tundu. Karatasi ikipita ndani ya piano inayojipiga yenyewe, tundu huruhusu hewa ipenye, na hewa huamsha nyundo igonge waya. Miezi ya kazi ilizaa dakika chache.

Alizaliwa Texarkana, Arkansas, mwaka 1912, akaenda kupigana na Franco Hispania, kisha Marekani ikamnyima pasipoti kwa ukomunisti wake. Akahamia Mexico mwaka 1940. Wapigaji wa kumudu midundo aliyoiandika hawakupatikana. Mtunzi mwenzake Henry Cowell alikuwa amedokeza kitabuni, mwaka 1930, kwamba karatasi ya kutoboa ingeweza kuimudu. Cowell alidokeza tu. Nancarrow akaifanya kazi ya maisha.

Wanaodhani piano ile ilimfukuza mtu hawajamfikiria aliyetoboa. Umbali kati ya tundu na tundu ndio mdundo wenyewe, na umbali huo ulipimwa kwa jicho na mkono. Hata nyundo aliziongezea ngozi na chuma, ili sauti itoke kavu na mistari isichanganyikane. Ilibidi isichanganyikane: katika Study namba 21, mojawapo ya vipande alivyoiandikia piano hiyo, sauti moja inaanza polepole ikizidi kushika kasi, nyingine inaanza mbio ikipungua, nazo zinapishana njiani. Msikilizaji anashindwa kujua afuate ipi. (Mimi hufuata inayopungua, inayokimbia itajisikilizisha yenyewe.)

Baadaye watu walirudi. Mwaka 1987 aliwaandikia Arditti Quartet kwarteti ya tatu ya nyuzi, wanne wakienda kwa kasi za uwiano wa 3, 4, 5 na 6. Mpiga piano Yvar Mikhashoff naye alizipanga upya baadhi ya Study kwa ajili ya kundi la wapigaji, na Ensemble Modern wakazirekodi. Ya 21 naiachia mashine. Ya 12, yenye harufu ya flamenco ya Hispania, nawapa watu: tarumbeta inahitaji pumzi, na mpigaji akiivuta pumzi hiyo kati ya noti mbili zilizobanana, ugumu ambao piano iliuficha unasikika waziwazi.