Fundi Anayeanza na Paka

Fundi mzuri wa mabanda ya simbilisi huomba kwanza aonyeshwe paka. Habari za mbao, bei na mahali pa kuliweka banda husubiri. Namfahamu mmoja mwenye karakana Chang'ombe, hapa Dodoma. Akifika kwenye nyumba ya watu hukaa barazani, hupokea maji ya kunywa, kisha huuliza: "Mama, huyu paka wenu mchana hulala wapi?" Wenyeji hucheka wakidhani anapiga soga. Mwenzao keshaanza kazi. Anataka kujua kama paka ni jike au dume, anapewa chakula au anajitafutia, anaupanda ukuta wa uzio kwa mruko mmoja au hadi apitie mti. Akisharidhika ndipo anatoa futi mfukoni.

Simbilisi si wanyama wageni nchini. Iringa, Njombe na Mbeya wamefugwa jikoni miaka mingi, wakizunguka miguuni pa mpishi na kula maganda na majani ya mahindi. Kivu, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, kaya nyingi huwategemea kwa nyama na kwa fedha ndogondogo za nyumbani. Kwenye uwanda wetu huu mkavu walikuwa adimu, na nionavyo mimi wameongezeka tangu mwaka 2016, serikali ilipotangaza kuhamia huku. Familia zikafuata kazi, na watoto wakashuka kwenye mabasi na maboksi ya simbilisi mikononi. Walimkuta paka yupo. Dodoma ni nchi ya mtama, uwele na mahindi, na penye gunia la nafaka pana panya. Paka hapa ana ajira. Kusema afukuzwe ili simbilisi wakae salama ni ushauri wa mtu ambaye hajawahi kuhifadhi chakula cha mwaka mzima.

Basi banda lazima liwatumikie wawili wasiofanana hata kidogo. Simbilisi hajui kuruka wala kupanda. Ubao wa futi moja na nusu unatosha kumzuia maisha yake yote. Paka huuvuka uzio wa kimo cha mtu bila kufikiri. Ndiyo maana mtu anayejenga kwa kumtazama simbilisi peke yake hutengeneza kisanduku kizuri kisicho na kifuniko, akakiita banda.

Kosa jingine ni kuamini amani ya miezi miwili ya mwanzo. Simbilisi mzima hufikia kilo moja hivi, na paka wengi humtazama, humnusa, halafu huenda zao. Wenye nyumba hufurahi, hupiga picha, hutangaza kwamba wanyama wao wamekuwa ndugu. Mimba ya simbilisi ni siku 60 hadi 70. Watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi na meno kinywani, na baada ya muda mfupi tu wanakimbia. Kwa ukubwa, kwa mwendo na kwa sauti ile nyembamba, mtoto wa simbilisi mbele ya paka ni panya kamili, na panya ndiye aliyemleta paka nyumbani. Paka aliyempita baba yao bila kumjali hatawapita hao. Fundi wangu hufunga ubao mzima wa sentimita 15 kuzunguka sehemu ya chini ya banda, ambapo wengine wangeanza na wavu tangu sakafuni, ili mtoto asichungulie nje wala mkono wa paka usiingie ndani. Juu ya ubao huo ndipo hufunga wavu wa chuma wa matundu madogo, uliochomelewa. Wavu laini wa kuku haugusi; anasema ule ni wa kumzuia kuku asitoke, haukusukwa kumzuia mwenye kucha asiingie.

Kucha hizo na meno vina hatari isiyoonekana. Kinywani mwa paka huishi bakteria waitwao Pasteurella, na jeraha la tundu moja la jino, lililofunikwa na manyoya, linaweza kumuua simbilisi baada ya siku chache huku mwenyewe akidhani mnyama wake amenusurika. Aliyeng'atwa apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Asipewe vidonge vya amoksilini vilivyobaki kabatini, kwani dawa za jamii ya penisilini, zikipitia kinywani, huvuruga tumbo la simbilisi na huweza kummaliza upesi kuliko kidonda chenyewe. Ukiyajua hayo unaacha kushangaa kwa nini fundi hubishania upana wa tundu la wavu.

Zaidi ya meno kuna woga. Simbilisi akimwona adui huganda mahali alipo, au wote hutimka pamoja na kujigonga ukutani. Mwenye mimba anaweza kuharibu. Kwa hiyo haitoshi paka asimguse. Inafaa pia asimkodolee macho usiku kucha. Hapa ndipo naona urithi wa mahali. Wagogo walijenga tembe, nyumba ndefu ya paa bapa la udongo, vyumba vikiuzunguka ua, na mifugo ikilala uani humo wakati simba na fisi wakipita nje. Mnyonge aliwekwa kati, na baina yake na giza kulikuwa na ukuta, chumba na watu. Tembe zimebaki chache tangu enzi za vijiji vya ujamaa na mabati, lakini bibi yake fundi huyu alilala tembeni huko Bahi, na banda lake limepangwa vivyo hivyo. Chumba cha kulala, chenye kuta za mbao tupu na milango miwili midogo ili asibanwe mnyama pembeni, hukaa katikati. Uwanja wa kulia unakizunguka. Paka akiegemea wavu na kuunyoosha mkono wake wote, anashika hewa.

Kisha kuna mbao. Nyingi za paini tunazonunua hapa hutoka Mafinga, kwenye msitu wa kupandwa wa Sao Hill, nchi ya ukungu na baridi. Zinafika Dodoma zikiwa na maji bado, kwenye mji ulio mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ambao kuanzia Mei hadi Novemba hupata mvua ya kuhesabu matone. Ukizipiga msumari leo, Septemba zitakuwa zimesinyaa: msumari unalegea, kiungo kinafunguka, komeo la kuzungusha linazunguka lenyewe. Paka, ambaye ana muda wote duniani wa kujaribu, atakuwa wa kwanza kugundua. Fundi wangu huzipanga mbao kivulini wiki kadhaa, na vijiti katikati ili hewa ipite, kisha hutumia skrubu. Mlango huuweka bawaba juu, uning'inie. Mtoto akisahau kufunga, unajirudishia. Na kwa kuwa paka hujifunza kulabu moja, yeye hufunga mbili zinazofunguka kwa kwenda pande tofauti.

Uelekeo wa banda nao ni elimu. Upepo wetu mkali wa Juni hadi Septemba hutoka mashariki, na usiku wa Julai una baridi ya kushangaza wageni waliodhani Dodoma ni joto tu. Oktoba na Novemba mchana hupita nyuzi 30, joto ambalo simbilisi hulivumilia kwa shida na linaweza kumuua. Ubavu mmoja wa banda, usio na wavu, hutazama mashariki. Uso hutazama kaskazini, ambako jua hulala Juni na Julai, wakati mnyama analihitaji. Ifikapo Oktoba jua liko utosini, na ukingo wa paa hulizuia.

Paa ndilo ninalolipenda kuliko yote. Huliinamisha sana, na hulifunika kwa nyasi juu ya mbao. Nilidhani ni kwa ajili ya joto, maana bati lingewachoma, na nilikuwa sahihi nusu. Nusu ya pili ni kwamba asubuhi za baridi paka hutafuta mahali penye uvuguvugu, na paa bapa lenye wanyama watano chini yake ni kitanda. Akilala pale kila siku, waliomo ndani hawatokula vizuri. Mteremko mkali humtelezesha, hukosa raha, na baada ya majaribio machache hurudi jikoni kwenye majivu.

Chakula huning'inizwa kwenye kihori cha waya, kwani majani na pumba zilizomwagika huita panya, na panya humwita paka. Simbilisi wakitolewa uani kula majani, paka hufungiwa chumbani, na hilo hakuna seremala anayeweza kukufanyia.

Mwezi wa Oktoba fundi hurudi bila kuitwa, bisibisi mkononi. Husukuma kila kiungo kwa kidole gumba, hukaza skrubu, huziba ufa uliozaliwa na kiangazi. Haombi hela. Safari hiyo imo kwenye bei ya kwanza, ambayo wateja huilalamikia sana hadi simbilisi wao wazae.