Soketi Iliyozibwa: Kadhia ya GameCube ya Mwaka 2004

Hukumu itangulie ushahidi, kwa kuwa ushahidi wa kadhia hii hauna mawili. Nintendo ilipoiondoa soketi ya dijitali mgongoni mwa GameCube mwaka 2004, ikautia sokoni mtindo wa DOL-101 uliobakiwa na soketi moja tu ya picha, ile ya analogi, ilitenda taksiri ambayo mpaka leo hulipwa na watu wasiokuwamo katika shauri lile, yaani kila mwenye kutaka kuiunganisha mashine hiyo na televisheni ya HDMI na kuiona picha kama ilivyochorwa. Utetezi wa uamuzi huo upo, nami nitautaja kwa insafu. Lakini hakuna utetezi unaosimama mbele ya mtu aliyekwisha kuyatazama matumbo ya mashine zote mbili, DOL-001 ya awali na DOL-101, na kuifuata njia ya picha tangu inapozaliwa hata inapotoka nje.

Njia hiyo huanza katika chipu ya Flipper. Humo kila fremu humalizwa na kutolewa ikiwa namba tupu, mwangaza wa kila pikseli peke yake na rangi ikigawanywa baina ya pikseli mbili mbili, na namba hizo huingia katika chipu nyingine ndogo inayozigeuza kuwa mawimbi ya analogi kwa ajili ya kebo tuzijuazo: kompositi kwa wote, S-Video kwa mashine za NTSC, RGB kwa mashine za PAL. Kebo hizo, ziwe zimetengenezwa kwa ustadi wa namna gani, hazivuki 480i au 576i. Walakini katika DOL-001 namba zile zile zilikuwa na mlango wa pili, soketi ya dijitali, ambako zilitoka zilivyo, pasipo kugeuzwa wala kuchanganywa; na kebo ya komponenti iliyouzwa na Nintendo ilibeba chipu ya kugeuzia ndani ya plagi yake, na kwa mlango huo peke yake ndipo mashine ilipotoa 480p.

Wapo watakaosema kwamba mistari ni ile ile 480, na kwamba herufi moja mwishoni haiwezi kuwa na uzito mkubwa hivi. Uzito wake wote umo humo. Katika 480i televisheni hupokea nusu ya mistari katika kila sehemu ya 60 ya sekunde, safari hii mistari ya witiri na safari ijayo mistari ya shufwa, na ile televisheni ya zamani ya tyubu haikuhitaji kuziunganisha nusu hizo, kwa sababu ilizichora moja baada ya nyingine zilivyofika, na jicho la mtazamaji likaifanya kazi iliyobaki. Televisheni bapa haina uwezo huo. Pikseli zake zote sharti ziwake pamoja, kwa hiyo hukisia mistari iliyokosekana, na katika kukisia huchelewesha picha, huchana kingo za vitu viendavyo kasi kama meno ya kitana, na maandishi madogo huyatia mtikisiko. Tena mashine yenyewe, ikijua kwamba mstari mwembamba utapepesa katika 480i, hulazimika kuchanganya kila mstari na jirani zake kabla ya kuutoa, na mchanganyo huo ndio ukungu ambao watu huudhania kuwa ni tabia ya michezo ya zama zile. Katika 480p waandishi wa mchezo walikuwa na hiari ya kuuondoa ukungu huo, ijapokuwa si wote walioitumia hiari yao. Mtu aliyeitazama F-Zero GX kwa njia zote mbili, katika mwendo ule wa kutisha ambao kona huonekana na kupita kabla kidole hakijainuka, hahitaji burhani zaidi ya macho yake.

Sasa utetezi. Kampuni ilisema kwamba wenye mashine walioinunua kebo ya komponenti hawakufika hata asilimia 1, na kwamba soketi isiyotumika ni gharama isiyo tija. Hesabu yenyewe siipingi. Ninachokipinga ni maana iliyotolewa humo. Kebo hiyo haikupata kuuzwa Ulaya hata siku moja, na katika Marekani aliyeitaka alilazimika kuiagiza kwa kampuni yenyewe, wakati kompositi imo ndani ya boksi la kila mashine na kila duka lina nyingine ya akiba. Mwenye ghala aliyeuficha mchele nyuma ya magunia ya chumvi, kisha akaandika katika daftari lake kwamba watu wa mji huu hawali wali, hakuupima mji ule bali aliupima mpangilio wa ghala lake. Aidha mwaka 2004 televisheni za 480p zilikuwa zimekwisha kuingia majumbani Japani na Marekani, na kila aliyekaa katika biashara ya picha aliona zinakokwenda. Hesabu ya asilimia 1 ilikuwa hesabu ya jana, ikatumiwa kuamulia mashine ambayo ingeishi miaka mingi baada ya jana hiyo.

Na linalozidisha uchungu ni kwamba mkono wa pili wa kampuni ile ile haukuwa na habari, au haukujali, ulichokitenda mkono wa kwanza. Metroid Prime 2: Echoes ilitoka mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2004, na The Legend of Zelda: Twilight Princess ya GameCube ikafuata mwaka 2006, nayo michezo yote miwili, katika matoleo yake ya Marekani, imeandikwa iweze kutoa 480p: ukishikilia kitufe cha B wakati wa kuwasha, mchezo huitazama soketi, na ukiikuta kebo ya komponenti hukuuliza kama wapenda picha kamili. Katika DOL-101 swali hilo halitokei abadan, kwa kuwa soketi ya kutazamwa haipo. Waandishi wa michezo walitaabika kutengeneza picha ambayo mafundi wa mashine walikwisha kuizibia njia ya kutokea, na mnunuzi wa mashine mpya akapata chini ya alichokipata mnunuzi wa mashine kuukuu. Kuondolewa kwa Serial Port 2, soketi ya kuongezea vifaa iliyokuwa tumboni mwa mashine, pamoja na soketi ya dijitali hakumuumizi mtu, maana hakukuwa na kifaa kilichopata kutengenezwa na kampuni kwa ajili yake. Lau wangeishia hapo, makala haya yasingeandikwa.

Mwaka ule ule wa 2004 Sony ilipunguza unene wa PlayStation 2 kwa kiasi cha kushangaza, ikaitupa nafasi ya diski kuu, lakini soketi ya AV Multi Out haikuguswa, na kwa soketi hiyo moja RGB ilitoka, komponenti ilitoka, 480p ilitoka. Sega nayo ilikwisha kuonyesha njia tangu mwaka 1998 kwa Dreamcast, ambayo ilitoa 480p ya VGA moja kwa moja kutoka katika mashine, bila chipu ndani ya plagi wala urasimu wa kuagiza, katika sehemu kubwa ya michezo yake; mashine ile ikiwekwa leo mbele ya skrini ya kisasa, bado huaibisha warithi wake. Na kama twataka shahidi wa nyumbani mwa Nintendo wenyewe, Masayuki Uemura, aliyeiongoza kazi ya Famicom na Super Famicom, aliiachia Super Famicom ya mwaka 1990 soketi iliyokuwa na RGB, S-Video na kompositi pamoja, wakati ambapo wateja wengi hawakuwa na televisheni ya kupokea hata S-Video. Alitoa zaidi ya kilichoombwa, na ndiyo sababu mashine yake ingali tamu kuunganishwa hata sasa.

Waliokuja baadaye waliushika ufunguo wa kufungia badala ya ule wa kufungulia. Nintendo 64 ya mwaka 1996 ilikuja na soketi ya umbo lile lile, ila RGB imekatwa. Super NES ndogo ya mwaka 1997 ilinyang'anywa RGB na S-Video kwa pamoja, ilhali chipu yake ingali inaitengeneza RGB safi kabisa ndani, ikingoja fundi wa kulehemu waya chache. Nimekwisha kuyasema haya mara nyingi na nitayasema tena, kwa kuwa kadhia ya 2004 haifahamiki pasipo kuyajua: haikuwa ajali bali ilikuwa desturi.

Kwa sisi wa pwani hii, ambao tangu Zanzibar ilipoanza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970 tumo katika PAL, mashine za mkono wa pili zitokazo Uingereza huja na tatizo la namna yake. GameCube ya PAL ya mtindo wa DOL-001 inayo soketi ya dijitali, lakini matoleo ya Ulaya ya michezo kwa jumla yaliondolewa 480p, hivyo mlango upo na mgeni hayupo. Faraja ni RGB kwa SCART. Hapa nawasihi wasomaji waviepuke visanduku rahisi vya kugeuza SCART au AV kuwa HDMI, vijazavyo rafu za maduka ya simu. Aghalabu huivuta picha ya 4:3 ikajaza 16:9, na 240p ya mashine za kale huichukua kuwa 480i, hata mhusika anayepepesa baada ya kupigwa hugeuka mistari mistari au hutoweka kabisa. Vigeuzi vya OSSC ya Markus Hiienkari na RetroTINK za Mike Chi haviifanyi dhuluma hiyo.

Kwa DOL-001 dawa imepatikana: GCVideo ya Ingo Korb, iliyotolewa bure kwa umma, huzipokea namba za soketi ya dijitali na kuzipeleka HDMI, na adapta zilizojengwa juu yake zimeivunja bei ya kebo ya asili iliyokuwa imepanda hadi mamia ya dola. DOL-101 hainufaiki na adapta hizo, lakini namba zenyewe zingali zinapita ndani yake zikielekea katika ile chipu ya analogi, na fundi mwenye mkono mtulivu aweza kuzikamata humo kwa kulehemu waya nyembamba. Kazi hiyo si ya kila fundi wa mtaani, na gharama yake mara nyingi huzidi bei ya mashine.

Asiyetaka kulehemu na atafute Wii ya mwaka 2006, mtindo wa RVL-001, ambayo husoma diski za GameCube na kutoa 480p kwa kebo ya komponenti ya bei ya kawaida. Iwe ya Marekani ikiwa diski ni za Marekani, ya Japani ikiwa ni za Japani. Lakini aifungue mifuniko ya ubavuni kabla ya kutoa pesa, na ahakikishe kwamba soketi nne za vidhibiti vya GameCube zimo, kwa maana mtindo wa RVL-101 wa mwaka 2011 uliziondoa, na Wii mini iliyofuata mwaka 2012 ikaondolewa hata komponenti, ikaachiwa kompositi peke yake, katika zama ambazo televisheni ya HDMI imekwisha kuwa jambo la kawaida.